UZI: Pawa saplai ya kamera inazima kila magharibi. Chipu ni mbovu, au kinga inafanya kazi yake?

#1 FundiSaketi (Ngamiani, Tanga)

Wakuu, habari za kazi. Nina hoja na nina swali, na vyote vimetokana na pawa saplai moja ya volti 12, ampea 10, ile ya sanduku la bati lenye matundu, inayolisha kamera 16 za ulinzi katika duka la jumla hapa Ngamiani. Mchana kutwa inafanya kazi bila neno. Jua likishazama inaanza kuzima na kujiwasha yenyewe, taa yake ya kijani inapepesa, na ukisogeza sikio karibu na transfoma unasikia tik, tik, tik, kiasi cha mara tatu katika kila sekunde mbili. Nikiileta mezani inatulia: nimeibebesha balbu za gari mpaka ampea 6 na haikutetereka.

Ndani yake kuna UC3842, chipu ya miguu minane inayoongoza mapigo; mosfeti moja, yaani transista inayowasha na kukata umeme wa transfoma; optokapla ya PC817, inayopeleka habari kwa mwanga kati ya pande mbili; na TL431, inayopima voltaji ya kutoka, upande wa baridi, yaani upande wa pili wa transfoma usioungana na umeme wa ukutani. Fundi aliyeishika kabla yangu alibadilisha chipu, na tatizo likabaki vilevile. Hoja yangu ni kwamba chipu aliyoitoa ilikuwa nzima, na kwamba katika mji huu tunang'oa chipu nyingi ambazo zilikuwa na sababu ya haki ya kuzima. Swali langu ni hili: chipu hii inaona nini, na kwa nini ikione magharibi tu?

#2 KijanaWaPongwe

Kaka, hiyo ni kinga ya mkondo. UC3842 ikiona mkondo umezidi kwenye mguu wa 3 inajifunga, halafu inajifungua baada ya muda. Nyingi zinazouzwa madukani ni za bandia na zinajifunga kabla ya wakati wake. Tafuta chipu ya asili, ipachike, rudisha mzigo, na kazi itakuwa imekwisha.

#3 MkufunziWaUmeme

Kijana, habari za chipu za bandia ni za kweli, lakini maelezo ya kujifunga hayahusu chipu hii. Mguu wa 3 wa UC3842 ukifika volti 1, chipu inakata pigo lile moja tu, na katika mzunguko unaofuata inaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Haina kumbukumbu ya hitilafu wala saa ya kuhesabu muda wa kuzidiwa. Mbunifu anayetaka ijifunge moja kwa moja humlazimu kuongeza thairista, au transista mbili zilizoshikana, za kuuvuta mguu wa 1 chini, na hizo hufunguka pale tu umeme wa mguu wa 7 unapoanguka.

Kinachosikika ni kitu kingine. Chipu hii huwaka mguu wa 7 ukifika volti 16 na huzima ukishuka hadi volti 10. Kapasita ya mguu huo hujazwa polepole na rezista ya kuwashia inayotoka kwenye kapasita kubwa, ile inayohifadhi umeme wa ukutani uliokwisha kunyooshwa, na chipu ikishawaka hutumia umeme mwingi kuliko rezista inavyoweza kuleta, hivyo ni lazima koili saidizi ya transfoma ichukue kazi ya kuilisha kabla akiba haijaisha. Chukueni kapasita ya mikrofaradi 47, tofauti ya volti 6, na matumizi ya miliampea 15: akiba hiyo inadumu takriban milisekunde 19. Koili saidizi ikichelewa, au ikidhoofika kwa sababu upande wa pili umezidiwa, chipu inazima na kapasita inaanza kujazwa tena. Kwa rezista ya kilo-omu 330 na volti 325, na chipu inayonyonya nusu miliampea ikiwa bado imelala, ujazaji huo unachukua kama sekunde 0.64. Hesabu mwenyewe utaona inakaribiana na mdundo alioueleza FundiSaketi. Kila tik ni jaribio la kuwaka lililoshindwa.

#4 MzeeWaRedio (Makorora)

Mkufunzi amemaliza kazi bila kujua. Akiba ya milisekunde 19 anayoisema ni ya kapasita mpya. Ile kapasita ndogo ya mguu wa 7 mara nyingi huwekwa ubavuni mwa bati la kupozea mosfeti, inachomwa miaka na miaka mpaka inakauka. Ikibaki na mikrofaradi 10, akiba inakuwa milisekunde 4, na hakuna koili saidizi itakayowahi. Katika umri wangu wa kazi hii, hiyo ndiyo ninayoibadilisha kwanza kabla ya kuuliza jambo lingine lolote. Weka ya mikrofaradi 47, volti 50, ya nyuzi 105, uipachike upande wa pili wa bodi iwe mbali na joto.

#5 DadaMosfeti (Mabawa)

Shikamoo Mzee. Kapasita ya mguu wa 7 nami naiheshimu, lakini ikikauka mdundo nao unabadilika. Mikrofaradi 10 zitajazwa mara nne au tano upesi zaidi kuliko 47, kwa hiyo tik zingekuwa nyingi na za haraka. Mdundo wa FundiSaketi ni wa kapasita iliyo karibu na thamani yake.

Mimi nauliza jambo lililo nje ya sanduku. Kamera za ulinzi huwasha taa zake za infraredi giza linapoingia. Kamera inayokula robo ampea mchana inaweza kufika nusu ampea usiku, na kamera 16 mara nusu ni ampea 8. Kaka FundiSaketi ameipima mezani kwa ampea 6, kisha anashangaa inazima kwa 8. Je, umepima mkondo palepale dukani jua linapozama?

#6 FundiSaketi

Nimerudi na vipimo. Mchana ni ampea 3.4. Kamera zote zikishawasha taa za usiku ni ampea 7.8, kwa hiyo Dada yuko sahihi kuhusu mzigo kuongezeka, ingawa bado uko chini ya 10 zilizoandikwa kwenye sanduku. Nimepima pia umeme unaoingia: mchana ulikuwa 228, magharibi ulikuwa unacheza kati ya 168 na 175, kwa sababu duka liko mwisho wa laini ndefu na majirani wana majokofu. Nimeibebesha ampea 8 mezani kwa umeme wa 230, na imesimama.

Mzee, kapasita ya mguu wa 7 nimeipima, ina mikrofaradi 44. Rezista ya kuwashia ni kilo-omu 330 kamili. Rezista ya sosi ya mosfeti, ile ambayo mguu wa 3 huitumia kupima mkondo, ni omu 0.33.

#7 MkufunziWaUmeme

Sasa tuna kitu cha kushika. Omu 0.33 na volti 1 zinatupa kilele cha ampea 3. Tukikadiria koili ya kwanza ya transfoma kuwa mikrohenri 500 na kasi ya kilohezi 65, kila pigo linabeba nusu ya 500 mara 3 mara 3, yaani milijuli 2.25, na kwa mapigo 65,000 tunapata wati 146. Mzigo wa ampea 7.8 ni wati 94, na ukiongeza hasara ni kama wati 110 za kuingia. Kwa umeme mzuri kuna nafasi ya kutosha.

Lakini pawa saplai ya aina hii haipunguzi ulaji umeme unaposhuka, bali inaongeza mkondo ili kufidia. Umeme wa 170 unatupa volti 240 kwenye kapasita kubwa badala ya 325, na hiyo ni kwenye kilele tu. Kati ya kilele na kilele, kwa milisekunde kama 8, kapasita inalisha peke yake, na inatoa takriban juli 0.9. Kapasita ya mikrofaradi 150 iliyo nzima ina juli 4.3 kwa volti 240, kwa hiyo inashuka mpaka 214 hivi na kupanda tena. Iliyokauka ikabaki na 33 ina juli 0.95 tu. Itafika chini ya volti 60 kabla ya kilele kinachofuata, na hapo koili saidizi haina la kufanya. Kapasita hiyohiyo ya 33, kwa umeme wa 230, ingebaki na volti 225 na wala usingejua kwamba imekufa. Ndiyo maana mezani inapita. Nendeni kwenye kapasita kubwa.

#8 PwaniYaBagamoyo

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Hesabu ni nzuri, ila mmesahau hewa mnayoivuta. Sanduku lenye matundu, katika mji wa pwani, likikaa miaka miwili linakuwa na ukungu wa chumvi juu ya bodi. Mchana joto la sanduku na jua vinakausha. Jioni hewa inapopoa, chumvi inanyonya unyevu, na mkondo unaanza kupita mahali pasipo na njia. Nimefungua nyingi zenye unga mweupe kati ya miguu ya optokapla. Nimezisugua kwa brashi na spiriti, nimezikausha, nimezipaka vanishi, na zimerudi kazini bila kubadilishiwa hata rezista moja.

#9 DadaMosfeti

Karibu Tanga, mgeni wetu, ingawa naona Bagamoyo mmekuja na dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Tuipime hoja ya chumvi kwa namba. TL431 inalinda volti 2.5 kwenye kigawanyo cha rezista za kilo-omu chache. Uvujaji wa kilo-omu 500 sambamba na rezista ya kilo-omu 10 unaisogeza voltaji ya kutoka kwa asilimia kama 2 hivi au pungufu. Kamera haitajua, na chipu haitajua.

#10 PwaniYaBagamoyo

Dada, kwa UC3842 na kwa kigawanyo hicho nakubali. Lakini zipo chipu ambazo hupima umeme unaoingia kupitia mnyororo wa rezista za mega-omu kadhaa ili zizime umeme ukiwa mdogo mno, na hapo uvujaji wa mega-omu mbili tatu unatosha kabisa kuidanganya chipu kwamba umeme umeanguka. Hata kwenye sanduku la FundiSaketi kuna sehemu nyingine: mguu wa 3. Pale pana rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ndogo ya pikofaradi 470 inayochuja mwiba wa mwanzo wa kila pigo, kwa kuwa UC3842 haina kificho cha ndani cha kuupuuza mwiba huo kama zilivyo chipu nyingi za baadaye. Chumvi ikiila solda ya kapasita ile ikaachia, kila pigo linakatwa kabla halijaiva, na nguvu inapungua. Mzigo mdogo utapita, mzigo mkubwa utashindwa. Je, hiyo siyo dalili yenyewe?

#11 MkufunziWaUmeme

Hoja ya kapasita ya 470 ni ya haki na inastahili kuangaliwa kwa osiloskopu. Pingamizi langu ni moja: ingeshindwa mezani pia kwa ampea 8.

#12 KijanaWaPongwe

Kama kilele cha ampea 3 hakitoshi umeme ukiwa mdogo, si tupunguze rezista ya sosi? Weka omu 0.22 badala ya 0.33, chipu itaruhusu ampea 4.5, na kamera za mwenye duka zitawaka usiku kucha.

#13 DadaMosfeti

Mdogo wangu, hili naomba ulisome polepole, kwa sababu ndilo linaloharibu mali za watu na linaweza kuunguza duka. Nguvu inakua kwa mraba wa mkondo. Kutoka ampea 3 hadi 4.5, kila pigo linabeba milijuli 5 badala ya 2.25, na kikomo cha wati 146 kinakuwa zaidi ya wati 320. Kiini cha transfoma kilichokatwa kwa ajili ya ampea 3 kinashiba kabla ya kufika 4.5. Kikishashiba, koili haizuii tena mkondo kupanda, na unapanda ghafla ndani ya sehemu ndogo ya maikrosekunde. Chipu nayo huchelewa kama nanosekunde 150 tangu ione volti 1 mpaka ifunge mosfeti. Katika ucheleweshaji huo mosfeti inapasuka, inapeleka volti 300 kwenye mguu wa 6 wa chipu, rezista ya sosi inakatika, na optokapla na transfoma ndivyo vinavyobaki kati ya umeme wa ukutani na nyaya za kamera ambazo mtu anazishika kwa mkono akiwa juu ya ngazi. Nimeletewa bodi iliyokuwa na rezista mbili zimepandishwa moja juu ya nyingine kwa namna hiyohiyo. Bati lake lilikuwa limechorwa masizi mpaka kwenye kona, na mwenye nayo hakuwa na habari kwamba kinga ilikuwa imeondolewa. Kinga ikikusumbua, itafute sababu yake, usiipunguzie macho.

#14 KijanaWaPongwe

Nimekuelewa, dada. Asante.

#15 MzeeWaRedio

Dada ameongea vema. Nami niongeze kuhusu chipu, maana uzi ulianza hapo. Kabla hujasema chipu ni mbovu au ni nzima, ipime peke yake. Umeme wa ukutani uondolewe kabisa, kapasita kubwa imalizwe chaji kwa rezista, kwa kuwa volti 325 hazina mzaha. Kisha leta umeme wa betri unaoweza kupandishwa taratibu, wenye kikomo cha mkondo, uufunge kwenye mguu wa 7 na wa 5. Mita iwe kwenye mguu wa 8. Pandisha: 12, 13, 14, 15, mguu wa 8 umelala kwenye sifuri. Ukigusa 16, mita inaruka mpaka volti 5 kwa mkupuo. Sasa shusha: 14, 12, 11, bado 5 zimesimama. Ukifika 10 zinaanguka. Chipu inayofanya hivyo ina akili zake timamu, angalau kwa upande wa kuwaka na kuzima.

Nimewahi kushika moja iliyoandikwa 3842 juu yake, ikaruka kwenye volti 8.4 na kuanguka kwenye 7.6. Hiyo ni 3843 iliyofutwa ikaandikwa upya.

#16 FundiSaketi

Mzee, shukrani. Nimeifanyia mtihani huo ile chipu ya zamani, ambayo fundi aliyenitangulia alikuwa ameiacha kwenye mfuko ndani ya sanduku: imewaka kwa 16.1 na kuzima kwa 9.9. Iliyopo sasa kwenye bodi nayo iko hivyohivyo. Hoja yangu ya mwanzo naona bado inasimama.

#17 JirambaElektroniki (Chumbageni)

Mada imenikuta njiani. Hilo la 3842 na 3843 linastahili maneno zaidi, kwa sababu wauzaji wengi watakuambia ni ndugu na zinaingiliana. Miguu ni ileile, ndani karibu ni kitu kilekile, isipokuwa volti za kuwaka na kuzima. Ukiweka 3843 kwenye bodi ya 3842, inawaka na volti 8.4, akiba kati ya kuwaka na kuzima ni volti 0.8 badala ya 6, hivyo kapasita ileile inaisha karibu mara nane upesi zaidi, na sanduku linapiga tik hata likiwa zima. Likibahatika kuwaka kwa nguvu hafifu, geti la mosfeti linapewa volti chache, mosfeti haifunguki sawasawa, na inapika. Ukifanya kinyume chake, ukaweka 3842 mahali pa 3843 kwenye saketi inayolishwa volti 12 kutoka nje, haitawaka kamwe, na utaitupa ikiwa mpya. 3844 nayo ina volti za 3842 lakini mapigo yake hayazidi nusu ya mzunguko. Weka hiyo kwenye sanduku la FundiSaketi, na umeme wa 170 utaikuta imefika mwisho wa mbio mapema.

Kuhusu mdundo, nina kanuni yangu. Si kila tik ni ya mguu wa 7. Chaja nyingi ndogo zina chipu za jamii ya TNY268, ambayo haihitaji koili saidizi kuishi, maana inajilisha yenyewe kutoka kwenye dreni, mguu wa mosfeti yake unaoungana na transfoma. Hiyo isipopata habari kutoka optokapla kwa takriban milisekunde 50 inapumzika milisekunde 850, kisha inajaribu tena. Mdundo wake ni kama mmoja kwa sekunde, na haubadiliki ukibadilisha rezista wala kapasita kubwa. Wa UC3842 unabadilika na umeme unaoingia. FundiSaketi, je, tik zinapungua kasi umeme unaposhuka zaidi?

#18 FundiSaketi

Ndiyo, zinapungua. Umeme ulipogusa 168 zilikuwa moja kwa zaidi ya sekunde.

#19 MkufunziWaUmeme

Hilo linaungana na hesabu: volti 240 kupitia kilo-omu 330, ukiondoa nusu miliampea ya chipu iliyolala, zinabaki kama miliampea 0.2 za kujaza kapasita, na sekunde moja na nusu hivi. Kapasita kubwa, wakuu. Narudia.

#20 MzeeWaRedio

Mkufunzi, mimi naomba tusiiache koili saidizi. Wengine hawajui kwa nini kuna rezista ya omu 22 au 33 kati ya daiodi ya koili hiyo na kapasita ya mguu wa 7, wanaiona imeungua wanaweka waya.

#21 MkufunziWaUmeme

Mzee umegusa mahali penye utajiri, na niruhusuni nikae hapo kidogo. Kinga ya shoti ya UC3842 imejengwa juu ya tegemeo moja, kwamba upande wa pili ukipigwa shoti, voltaji ya koili saidizi itaanguka pamoja nao, na chipu itafa njaa. Tegemeo hilo si kamili. Koili hazishikani kwa asilimia mia, na kila mosfeti inapofunga hutokea mwiba mfupi wa voltaji kwenye koili saidizi ambao hautokani na voltaji ya kutoka bali na mkondo wa koili ya kwanza. Wakati wa shoti mkondo huo uko kwenye kilele chake, kwa hiyo mwiba ni mkubwa kuliko siku zote. Daiodi inauchukua, kapasita inajazwa na ncha ya mwiba, na chipu inaendelea kuishi vizuri wakati nje kuna shoti. Matokeo yake sanduku halipigi tik. Linanyamaza, linasukuma mkondo, na daiodi ya Schottky ya upande wa pili inachemka mpaka risasi inayeyuka.

Rezista ile ya omu 22 inaukaba mwiba huo usijaze kapasita. Ukiweka waya mahali pake, umeondoa kinga ya shoti bila kugusa chipu. Na ukiweka kubwa mno, koili saidizi inashindwa kuilisha chipu hata kwa mzigo wa kawaida, hasa umeme ukiwa mdogo, na tik zinaanza.

#22 JirambaElektroniki

Basi hapo pana maelezo mengine ya magharibi. Kama fundi wa kwanza aliweka omu 220 badala ya 22, mchana ungepita na usiku ungeshindwa.

#23 FundiSaketi

Ni 22. Nimeipima ikiwa imeinuliwa mguu mmoja.

#24 KijanaWaPongwe

Mimi nilijaribu sanduku linalofanana na hilo kwa balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo, kama tulivyofundishwa, na likapiga tik palepale kwa mzigo wa ampea 5. Lakini ukilichomeka moja kwa moja ukutani linawaka. Hilo nalo ni bovu?

#25 DadaMosfeti

Hapana, hapo balbu ndiyo inayotengeneza ugonjwa. Pawa saplai ikidai nguvu, balbu inapata moto, upinzani wake unapanda, umeme unaofika kwenye kapasita kubwa unaanguka, na chipu inazima kwa sababu ileile ya duka la Ngamiani. Balbu ni ya kuthibitisha kwamba hakuna shoti kabla ya kuchomeka, tena bila mzigo au kwa mzigo mdogo sana. Ila umenipa wazo: FundiSaketi, kama una transfoma ya kupunguza umeme, ipime mezani kwa 170 na ampea 8. Mpaka sasa mezani umejaribu kimoja kimoja.

#26 MamaKisosora

Habari zenu mafundi. Televisheni yangu haipigi tik kabisa. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu inakufa kimya, na haifufuki mpaka niichomoe ukutani niiache dakika kadhaa. Ni ugonjwa huohuo?

#27 MzeeWaRedio

Huo ni wa jamii nyingine, mama, na ndio ule wa kujifunga aliousema kijana mwanzoni. Chipu za televisheni nyingi zikiona voltaji imezidi kwenye koili saidizi hujifunga na hazijaribu tena. Kapasita kubwa ikibaki na chaji inaendelea kuinyonyesha chipu kidogo kidogo, kwa hiyo haisahau hitilafu mpaka uichomoe na chaji iishe. Usiizoee hali hiyo. Mpelekee fundi aangalie kwa nini voltaji inazidi, na umwombe aanze na optokapla na TL431, kwa sababu mmoja wao akilegea, chipu haipati habari za upande wa pili na inasukuma kupita kiasi. Mpaka hapo, umeme ukikatika ichomoe na usiirudishe kabla haujatulia.

#28 FundiSaketi

Nimefanya kipimo cha Dada: umeme wa 170, ampea 8, mezani. Imepiga tik mara ya kwanza kabisa. Kwa hiyo chumvi ya jioni na hewa ya baharini nadhani tunaweza kuziweka pembeni, maana nimeipima saa sita mchana.

Sasa sikilizeni, Mkufunzi hasa. Nimeing'oa kapasita kubwa nikaipima: mikrofaradi 118 kati ya 150 zilizoandikwa. Imechoka lakini haijafa. Nimeweka mpya ya 150. Kwa 170 inapiga tik mara chache zaidi, na kwa 178 imesimama, lakini kwa 170 bado haijapona.

#29 MkufunziWaUmeme

Basi 33 yangu haipo, na kwa 118 bonde, yaani kiwango cha chini kati ya kilele na kilele, lingekuwa kwenye volti 205 hivi, ambazo zinatosha. Ama transfoma ina mikrohenri tofauti na nilizokadiria, ama kuna kinachoiba nguvu upande wa pili. Schottky inayovuja ikipata joto huongeza mzigo usioonekana kwenye mita ya kamera. Iguse bati lake baada ya dakika kumi, umeme ukiwa umeondolewa.

#30 DadaMosfeti

Kabla ya transfoma na Schottky, tuangalie daiodi nne za kuingilia, zinazounyoosha umeme wa ukutani. Daiodi moja ikikatika, au mguu wake ukiachia risasi, kapasita kubwa inajazwa mara moja kila milisekunde 20 badala ya 10. Wati 110 kwa milisekunde 18 ni juli 2. Kapasita ya 118 kwa umeme wa 230 ingeshuka mpaka volti 270 tu, na mezani ungesema ni nzima. Kwa 170 ingeshuka karibu na 155, na hapo ampea 3 za kilele ziko ukingoni kabisa, hasa mapigo yanapoanza kushikana bila koili kumaliza kutoa ilichonacho. Kapasita mpya ingesaidia nusu nusu, na hivyo ndivyo ulivyoona.

#31 JirambaElektroniki

Hoja hiyo naipenda, lakini bado nataka kujua kama mosfeti iliyopo ni ya asili. Yenye upinzani mkubwa inapoteza volti kadhaa kila pigo, na mkondo ukiongezeka kwa umeme mdogo hasara inakua kwa mraba.

#32 PwaniYaBagamoyo

FundiSaketi, umeiweka chumvi pembeni mapema. Daiodi hazikatiki ovyo zikiwa kwenye mzigo wa kawaida, lakini risasi ya miguu yake huliwa na kutu, na mguu uliolegea unaweza kugusa sawasawa ukiwa baridi na kuachia ukipata moto. Geuza bodi, safisha sehemu ile kwa spiriti, uimulike kwa tochi ya pembeni, na uutingishe kila mguu kwa kijiti cha mbao kikavu kapasita ikiwa haina chaji. Ukiona duara jeusi jembamba kuzunguka mguu wowote wa daiodi hizo nne, tuma picha kabla hujapitisha pasi ya risasi.

#33 FundiSaketi

Nimeigeuza. Kuna duara kwenye mguu mmoja wa daiodi ya tatu, na kuna jingine kwenye ile rezista nyeusi ya kuzuia mshtuko wa kuwasha, iliyo mfululizo na fyuzi. Napiga picha zote mbili sasa hivi. Nani anaanza na upi?